Kupe na kabrioleti zijazo za Mercedes: kipi kinakuja kweli na kipi ni ndoto zetu

Boneti Ndefu:

Wakuu habari zenu. Naona kila mara picha ya gari limebandikwa zile stika za mistari mistari za kuficha sura linapita uwanja wa mbio wa Nürburgring Ujerumani au linateleza kwenye barafu kule Arjeplog Sweden, halafu mtu anaandika "S-Class Coupe inarudi!!" na watu wanashangilia mpaka basi. Nimeona bora tuwe na uzi mmoja tujadili kwa utulivu Mercedes wanaweza kutuletea nini upande wa milango miwili, yani kupe na hizi za kufungua paa, na kipi hakiji hata tukifunga na kuomba.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma gazeti apite zake. S-Class Coupe ya kawaida, ile ya kuingia showroom ukachagua rangi ya ngozi, haiji. Kitakachokuja ni CLE (kupe na kabrioleti yao ya daraja la kati) za kibabe zaidi ya hizi tulizonazo, SL (roadster yao, gari la wazi la michezo) za bei ya kutisha, na magari machache ya idadi maalum ambayo wengi wetu tutaishia kuyaona kwenye simu.

Chukua orodha yao ya mwaka 2018. Milango miwili tu: C kupe, C kabrioleti, E kupe, E kabrioleti, S kupe, S kabrioleti, SLC, SL, AMG GT na AMG GT Roadster (AMG ni kitengo chao cha magari ya kasi). Kumi hizo. Leo zipo CLE kupe, CLE kabrioleti, SL na AMG GT, basi. Nne. (Maybach SL, yani SL ya chapa yao ya kifahari kabisa, ni SL iliyovalishwa suti ya harusi, siihesabu kama gari jipya.) S kupe na S kabrioleti zilifungwa 2020, SLC ikaondoka nazo, C na E zikaunganishwa ikazaliwa CLE ya Julai 2023, na AMG GT mpya ilipotoka Agosti 2023 ikaja na paa gumu tu maana kazi ya kufungua paa wameiachia SL, na hizo mbili ni ndugu wa chasisi moja, wheelbase (umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma) ileile ya milimita 2,700.

Sasa mtu anauliza kwa nini kampuni tajiri hivyo ishindwe kutunza magari kumi. Kushindwa hawashindwi, wanaona haiwalipi. Mlango wa kupe ni mrefu kuliko wa sedani kwa hiyo huwezi kuazima, kioo cha pembeni cha kwake, nguzo za kwake, paa la kwake, na inabidi ikagongeshwe maabara upya kivyake. Kabrioleti ndo balaa zaidi kwa sababu ukishakata paa umeondoa mfupa uliokuwa unashikilia bodi isijikunje, kwa hiyo unaanza kuongeza vyuma chini ya sakafu, unakaza nguzo za kioo cha mbele, unaweka vile vyuma vya kuchomoka nyuma ya viti gari likitaka kupinduka, unaongeza mota za paa na pampu zake, halafu ukimaliza yote hayo gari limekuwa zito na wateja wake ni kikundi kidogo ambacho nacho nusu kimeshahamia kwenye SUV. Mei 2022 Mercedes wenyewe walitangaza mkakati wao mbele ya wawekezaji, aina za bodi za magari yao ya daraja la chini wanapunguza kutoka 7 hadi 4 na hela wanapeleka juu, AMG, Maybach, G-Class na kile kitu kipya walichokiita Mythos, yani magari ya idadi maalum. Ukishasoma hiyo huhitaji mpiga ramli.

Nitaendelea, acha nile kwanza.

mama_wa_gia:

Ila kaka umeanza na matanga moja kwa moja 😂 hata salamu haijapoa. Mimi naamini S kabrioleti itarudi. Ile ya 2015 ilikuwa ya kwanza ya viti vinne kwenye daraja la S tangu 1971, yani walikaa miaka zaidi ya arobaini na wakarudi. Kwa hiyo hawa jamaa kurudi wanaweza, tatizo letu ni umri.

Boneti Ndefu:

Dada hiyo hoja nzuri ila iangalie vizuri. Walirudi 2015 wakati sedani ya S-Class ya kipindi kile, W222, inauza sana na petroli bado mfalme. Na hata hivyo walikaa sokoni miaka mitano tu wakafunga duka. Katikati ya hapo wakaitengenezea toleo la Maybach, ile S650 Cabriolet ya V12 waliyoionyesha Los Angeles 2016, gari 300 dunia nzima. Hapo ndo walipojifunza kitu: badala ya kuuza kabrioleti nyingi kwa faida ya kawaida, tengeneza mia tatu uuze kama vito. Kila walichofanya baada ya hapo kwa magari ya wazi kina harufu ya somo hilo.

Tazama PureSpeed. SL imeondolewa paa, imeondolewa na kioo cha mbele kabisa, ikawekwa ile HALO ya Formula 1, upinde wa kukinga kichwa, na unapewa helmeti. Gari 250 tu. Hiyo ndo Mythos ya kwanza. Halafu Agosti 2024 pale Pebble Beach Marekani wakaleta Maybach SL 680, V8 ya lita 4.0 yenye farasi 585, viti vya nyuma vimeng'olewa limebaki la watu wawili, na boneti unaweza kuipata imechorwa nembo za Maybach kuanzia mbele hadi kwenye kioo. Mimi binafsi zile nembo zinanichosha macho, ila sio mimi niliyelengwa.

Silinda Nane:

Mkuu twende kwenye nyama. CLE ya V8 ipo au haipo?? Mana ile C63 ya silinda nne imenifanya niache kuangalia youtube za magari miezi kadhaa

Boneti Ndefu:

Silinda Nane jina lako linakusemea 😂. Twende taratibu.

Wote tunajua kilichotokea. 2022 wakatoa C63 yenye injini ya lita 2.0 silinda nne na mota ya umeme nyuma, farasi 680 kwa karatasi, uzito umevuka tani 2, na mashabiki wakaikataa hata kabla hawajaiendesha. Ukweli ni kwamba kwa uhandisi ile mashine ni ya ajabu, betri yake ndogo ilitokana na mambo ya Formula 1. Lakini mtu anayenunua AMG ananunua mlio, akiwasha asubuhi majirani wajue. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo habari za ufanisi.

CLE mpaka sasa ya juu kabisa ni ile 53, silinda sita mstari mmoja lita 3.0, farasi 449. Ni gari tamu, lakini juu yake kuna nafasi tupu inayoonekana hata ukiwa umefumba macho. Tetesi za muda mrefu ni kwamba nafasi hiyo inajazwa na V8, na kuna tetesi nyingine ya CLE ya Mythos, ile yenye bampa pana na bawa kubwa nyuma inayoonekana kwenye picha za majaribio. Mimi tetesi hizi mbili naziamini kwa sababu tatu, na hakuna hata moja inayotokana na picha.

Moja, chasisi. CLE inakaa kwenye familia ya MRA2, hiyohiyo iliyo chini ya S-Class W223, na W223 inabeba V8 bila shida. Sisemi ni kuchomeka tu kama balbu, kuna radieta, kuna ekzosi, kuna sehemu ya mbele kugongwa upya, lakini hawaanzi sifuri. Pili, AMG wenyewe wameshasema wanaendeleza V8 mpya, na huwezi kutumia hela yote hiyo ya kutimiza masharti ya moshi ya Ulaya halafu injini ukaiweka kwenye gari moja mawili. Tatu, historia, wana tabia ya kuchukua kupe ya kati na kuifanya kichaa. CLK DTM AMG ya 2004 walitengeneza kupe 100, halafu wakarudi na kabrioleti 80. Baadaye CLK 63 Black Series, baadaye C63 Black Series. CLE bado haijapata kichaa wake, na damu ya familia ndo hiyo.

Tatizo ni moja. Ikija kama Mythos haitakuwa gari yako wala yangu, itagawiwa kwa wateja ambao tayari wana gereji zimejaa. Kwa hiyo wewe ombea CLE 63 ya kawaida, sio hiyo yenye bawa.

Silinda Nane:

nimekuelewa mkuu, naombea. lakini wakileta V8 na haibridi nzito juu yake si tunarudi palepale pa tani mbili na ushee?

Boneti Ndefu:

Uwezekano upo na ndo kitu kinachonipa wasiwasi kuliko kingine. SL 63 S E Performance ipo hivyo, V8 pamoja na mota nyuma, farasi 816, na ni nzito. Kwa kupe ya CLE ningependa V8 yenye haibridi nyepesi ya volti 48 tu. Kama wana akili wameshasikia.

Nguzo_B:

Hodi hodi. Naona mnaongelea injini tu, mimi naomba niulize kitu kinachoniuma. CLE kupe ina nguzo katikati na kioo cha nyuma hakishuki. Kupe ya Mercedes bila dirisha kubwa wazi ni kupe kweli? E kupe ya mwisho ulikuwa unashusha vioo vyote vinne pembeni inabaki wazi kuanzia kioo cha mbele mpaka nyuma, hakuna kitu katikati. Toleo jipya wanaweza kurudisha?

Boneti Ndefu:

Asante sana kwa kulileta hili, watu wengi hawalioni na ni alama kubwa kuliko grili.

Kwa wasiojua: kupe kubwa za Mercedes zilikuwa na utamaduni wa kutokuwa na nguzo ya katikati inayoonekana. SEC ya miaka ya themanini, CL zote, CLK, E kupe, S kupe, zote ulishusha vioo ukapata lile dirisha moja refu. C kupe ndo ilikuwa tofauti, ilikuwa na nguzo na kioo cha nyuma kimefungwa moja kwa moja. CLE ilipokuja kuchukua nafasi ya zote mbili ikafuata njia ya C. Hapo ndipo niligundua nani kashinda kwenye kile kikao, na alikuwa mtu wa mahesabu.

Na ukirudi nyuma utaona mchezo wenyewe ni wa zamani. CLK ya 1997 ilikuwa na uso wa E-Class lakini chini yake ni C-Class. 2009 wakabadilisha jina wakaiita E kupe, ile C207, na bado chini ilikuwa na mifupa ya C-Class, watu wakalipa bei ya E wakiwa na furaha zao. E kupe iliyofuata, C238, ndo iliyokuja kuwa E ya kweli. Sasa CLE ni CLK imerudi na jina lingine. Kupe ya urefu wa milimita 4,850, ndefu kidogo kuliko E kupe iliyoondoka, lakini wheelbase 2,865, fupi kidogo kuliko ya hiyo E. Yani mwili umeongezeka nje ya matairi zaidi kuliko pale watu wanapokaa.

Kurudisha bila nguzo kwenye kuboreshwa sura haiwezekani, wakuu. Hiyo ni bodi nzima upya. Kawaida yao gari likifika miaka mitatu minne wanagusa taa, bampa, skrini na programu. CLE ikiguswa tegemea zile taa zenye nyota ndani na mfumo wao mpya wa MB.OS ulioanza na CLA ya 2025. Nguzo itabaki palepale.

mama_wa_gia:

Nguzo_B nashukuru umeuliza, mume wangu ananionaga kichaa nikilalamikia hiyo nguzo

Sasa kaka Boneti, ile Vision Iconic je? Hiyo si kupe? Milango miwili, boneti ndefu kama jina lako, grili kubwa inawaka. Kama hiyo sio S kupe inayokuja basi sijui ni nini.

Boneti Ndefu:

Nilijua itafika tu 😂

Vision Iconic ya Oktoba 2025, ile ya Shanghai. Gari zuri sana, nakubali, kiti cha mbele benchi moja la velveti ya bluu, nilikaa naangalia picha kama mtoto. Lakini kabla hujashangilia gari la maonyesho la Mercedes jiulize: kitu gani ndani yake kimeshaonekana kwenye gari linalouzwa? Hapa jibu ni grili, na imekwenda wapi? Kwenye GLC ya umeme iliyoonyeshwa Munich mwezi mmoja kabla. SUV. Yani ile kupe ni bango la matangazo la uso mpya wa kampuni nzima, na uso wenyewe wanaouza wanauza kwenye SUV.

Wametufanyia hivi mara nyingi. Ocean Drive ya Detroit 2007, S-Class ya kufungua paa yenye milango minne, haikuja. Vision Maybach 6 ya 2016, kupe ya umeme karibu mita sita, mwaka uliofuata wakaleta kabrioleti yake, watu wakaapa inatoka. Haikutoka.

Lakini sio kila la maonyesho ni danganya toto, na hapa sikiliza vizuri. 2013 pale Frankfurt walionyesha Concept S-Class Coupé, miezi michache tu baadaye, mwanzoni mwa 2014, gari lenyewe likatoka karibu vilevile. Tofauti ya hilo na hayo mengine ilikuwa inaonekana kwa macho: uwiano wa bodi wa kawaida, milango inafunguka kama milango ya binadamu, na chini yake kulikuwa na chasisi ya W222 ambayo tayari ilikuwa barabarani. Kwa hiyo ukiona la maonyesho tafuta sedani yake. Kama sedani ipo na vipimo vinafanana, amka. Kama gari limetokea hewani, lala.

Vision Iconic sedani yake iko wapi? Sijaiona.

Nguzo_B:

hii ya kutafuta sedani naiba. Na zile herufi za kodi (code) za bodi watu wanazitumiaje? Mara C236, mara A236, mara R232.

Boneti Ndefu:

W ni sedani, C ni kupe, A ni kabrioleti, R ni roadster, S ni ile ya buti refu, X ni SUV. CLE kupe ni C236 na ya kufungua paa ni A236, SL ni R232. Ila kuwa makini, CLA ya milango minne nayo ilipewa C (C118) kwa sababu wao wanaiita kupe. Kwa hiyo ukisikia kodi mpya yenye C usirukeruke, inawezekana kabisa ina milango minne na kiti cha mtoto nyuma.

Na jina kusajiliwa sio gari kutengenezwa. Wanasajili majina mengi ili mwingine asiyachukue, mengine yanakufa kwenye makabrasha.

mgeni2:

Samahanini wakubwa mimi mgeni kwenye haya mambo, naomba kueleweshwa. Kila mtu anasema magari yote yanakwenda umeme. Sasa kwa nini hatuoni kabrioleti za umeme? Si ingekuwa raha zaidi, paa wazi na kimya?

Boneti Ndefu:

Karibu sana mgeni, na swali lako ni la maana kuliko nusu ya tuliyoandika hapo juu.

Betri kwenye gari nyingi za umeme inalala chini ya sakafu kama godoro. Kwa SUV haina shida, mtu anakaa juu. Kwa kupe ndo tatizo: godoro linainua sakafu, sakafu inainua kiti, kiti kinainua kichwa, na kichwa kinataka paa la juu. Sasa kupe ya paa la juu nani anaitaka. Porsche kwenye Taycan ilibidi waache mashimo kwenye betri ili miguu ya waliokaa nyuma ishuke. Maserati kwenye GranTurismo na GranCabrio Folgore walifanya tofauti, betri imekaa umbo la herufi T katikati ya gari, watu wanakaa pembeni yake chini kabisa kama gari la petroli. Hiyo GranCabrio ndo karibu mfano pekee wa kabrioleti kubwa ya viti vinne ya umeme. Rolls-Royce Spectre wao wameamua gari liwe refu mita 5.45 na uzito karibu tani 2.9 basi tena, kila kitu kinaenea. Lakini hiyo ni kupe, Dawn yao ya kufungua paa iliondoka na mrithi wake hatujamuona.

Kwa kabrioleti kuna zuri moja, betri ya sakafuni ni ngumu kwa hiyo inasaidia ule ugumu wa bodi uliopotea na paa. Baya ni upepo. Ukifungua paa kwenye kasi kubwa hewa inavurugika, gari linakula umeme, na kwa gari la umeme kilomita ndo kila kitu. Juu yake weka uzito wa paa na vyuma vyake.

Na soko lenyewe limeogopa. Porsche walipanga 718 mpya iwe ya umeme tu, 2025 wakageuka wakasema matoleo ya juu yatabaki na petroli. Audi wameonyesha Concept C, ya watu wawili, umeme, paa gumu la kukunja, na wamesema itaingia sokoni, hiyo mimi naisubiri kwa hamu kwa sababu ikiuza kila mtu atafuata, Mercedes wakiwemo. Kwa sasa nadhani kabrioleti ya umeme ya Mercedes ipo kwenye karatasi na itakaa kwenye karatasi mpaka waone Audi wamevuna nini.

mgeni2:

Asante sana mkubwa, nimeelewa mpaka nimemuelezea shemeji yangu.

Silinda Nane:

Mimi nina swali la paa. SL ya zamani ilikuwa na paa la chuma, hii mpya kitambaa. Si wameshuka daraja? Je inayofuata wanaweza kurudisha chuma kama hao Audi?

Boneti Ndefu:

Hawajashuka, ila naelewa kwa nini unaona hivyo.

Paa la chuma la kukunja Mercedes ndo waliolirudisha kwenye fasheni na SLK ya 1996, SL ya 2001 ikafuata, na iliyofuata ya 2012 nayo hivyohivyo. Ukifunga unapata kupe, ukifungua unapata roadster, kila mtu akafurahi. Gharama yake ni buti, likikunjwa linameza kila kitu, na uzito wote unakaa juu gari likiwa limefungwa. SL ya sasa iliyotoka Oktoba 2021 ilitengenezwa na AMG wenyewe, wakarudi kwenye kitambaa, wakaokoa kilo 21 palepale na uzito ukashuka chini. Linafunguka kwa sekunde 15 ukiwa kwenye mwendo mpaka kilomita 60 kwa saa. Na nafasi iliyopatikana wakarudisha viti viwili vidogo vya nyuma, ambavyo kwa kweli ni vya watoto na mabegi, wenyewe wamesema mwisho mtu wa mita 1.50.

CLE kabrioleti nayo kitambaa, sekunde 20, kilomita 60 hivyohivyo. Kuna kitu kidogo pale nakipenda sana, ile skrini ya katikati inainuka yenyewe kutoka nyuzi 15 mpaka 40 ili jua lisipige kioo ukashindwa kuona ramani. Mtu aliyebuni hiyo alikaa kwenye gari la wazi mchana, hakukaa ofisini.

Kurudi chuma sioni. Audi wanaweza kwa sababu yao ya watu wawili, paa ni fupi. Kwa viti vinne chuma kinakuwa vipande vitatu na buti linakwisha.

mama_wa_gia:

Haya nakubali kushindwa nusu. Lakini niambie ukweli, wenzao wanafanya nini? Mana kama kila mtu anaondoka basi aliyebaki anakula peke yake.

Boneti Ndefu:

Hapo umenigusa, kwa sababu hiyo ndo hoja pekee inayoweza kunibadilisha msimamo.

Audi A5 mpya ya 2024 ilikuja bila kupe na bila kabrioleti, TT iliondoka 2023. BMW nao wameifunga 8 Series, kupe kwa kabrioleti. Kwa hiyo kwenye kabrioleti ya viti vinne ya daraja la kati Mercedes ana CLE, BMW ana 4 Series, na ukumbi unazidi kuwa mtupu. Ukipanda juu, ukiiacha ile GranCabrio ya Maserati, unaruka moja kwa moja mpaka Bentley Continental GTC, V8 haibridi yenye farasi 782 kwenye Speed. Katikati ya CLE na Bentley kuna shimo kubwa, na S kabrioleti ilikuwa imekaa katikati ya hilo shimo.

Kwa hiyo kama Mercedes watarudi hapo, nadhani watarudi na nyota ya Maybach, sio S. Maybach SL ilikuwa ya kupima maji. Ikiuza vizuri, hatua ya pili ni Maybach ya wazi ya viti vinne kwenye chasisi ya S, kwa bei ya Bentley. Ukiniuliza asilimia sikwambii, ila kati ya ndoto zote zilizotajwa humu hiyo ndo ndoto yenye miguu.

Nguzo_B:

Mi siwezi kusubiri hiyo miguu itembee. Je mtu akitafuta S kupe ya zamani, C217, aangalie nini? Au kabrioleti yake?

Boneti Ndefu:

Jambo la kwanza ni springi. C217 za kusukuma nyuma zilipatikana na Magic Body Control, mfumo wa mafuta ya presha, na ndo uliokuwa na ule ujanja wa gari kulalia kona kama pikipiki. Raha yake hakuna mfano, bili yake pia hakuna mfano: pampu, akumuleta, mabomba. Za 4MATIC (zinazosukuma tairi zote nne) zilikuwa na Airmatic ya hewa, hiyo mafundi wengi wanaifahamu na vipuri vinapatikana kirahisi zaidi. Kabrioleti zote ni Airmatic, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie hadithi ya kabrioleti inayolalia kona.

Kwenye kabrioleti fungua na funga paa zaidi ya mara moja injini ikiwa inaunguruma, sikiliza kama linasimama njiani, kagua raba za juu ya vioo na ushike kapeti ya buti kama ina unyevu. Muuzaji akikwambia paa bovu ni sensa tu, muombe aibadilishe kwanza ndo mzungumze bei.

V12 usiniulize humu, nitumie pm.